Neno la Mwisho la Jambazi wa Kifaransa

Mwezi wa pili, joto la Mombasa limepanda mpaka paka wamehamia chini ya mitungi, ami yangu Hussam alitoka nyumbani kwake Kuze amevaa koti la sufu.

Koti zito. Jeusi. La kufika magotini. Kola ameisimamisha hadi masikioni.

Watu walidhani amepatwa na pepo.

"Salaam aleikum, Hussam!" jirani mmoja akamwita.

Ami hakuitika. Alitikisa kichwa mara moja, taratibu, akapita.

Sasa wewe kama hukulelewa Mji wa Kale, hutajua uzito wa jambo hilo. Kwetu salamu haiachwi. Watu wawili waweza kuwa wanashtakiana kwa kadhi juu ya nyumba ya mirathi, na wakikutana njiani bado wataulizana hali zao, za watoto, za mguu unaouma. Kupita kimya ni kama kupita uchi.

Kufika adhuhuri habari ilikuwa imeshaingia Bondeni, kwa binti yake, Duha. Duha akampigia mamake simu mbio mbio.

"Mama, ati baba amerogwa?"

"Hakurogwa," Bi Afaf akajibu, huku sauti ya pilipili ikikaangika nyuma yake. "Ametazama sinema."

Ami mwenyewe amenipa ruhusa niwasimulie mkasa huu, kwa sharti kwamba nisimfanye mjinga kuliko alivyokuwa. Nitajitahidi.

Ami Hussam ana duka Ndia Kuu. Anauza makasha ya mbao, birika za shaba, kofia za viua, na vitu vingine ambavyo watalii huvishika, huviuliza, kisha huvirudisha mahali pake.

Lakini si duka lililompa jina. Ni sauti.

Maulidi ya Kuze bila kasida ya Hussam ni pilau bila bizari. Akianza kuvuta ubeti, wanaoongea nje barazani hunyamaza. Wanawake ndani huacha kupakua. Nimewahi kumwona mzee mzima akilia na sinia ya nyama iko mbele yake, haigusi.

Sasa, mwaka uliotangulia ule wa koti, shingoni mwake palitokea kivimbe. Kwanza kidogo kama kunazi. Akakidharau. Kikawa kama ndimu. Akanunua kanzu yenye kola pana. Kikawa kama limau zima, na akilala chali pumzi zinapiga mluzi.

"Baba Duha, unalia kama birika," mkewe akamwambia. "Twende hospitali."

Walikwenda. Daktari wa upasuaji alikuwa mama mmoja wa Kidigo, Daktari Chirau, mtu wa maneno machache na macho makali.

"Hii ni rovu, uvimbe wa tezi ya shingo," akasema. "Tumepima, si saratani. Lakini inabana njia ya hewa, na inaendelea kukua. Ukiiacha, siku moja itakuziba pumzi. Tuitoe."

Wakati huo huo Duha akapiga simu, na Bi Afaf akatoka nje kuipokea. Ami akabaki peke yake na daktari.

Akauliza swali moja tu.

"Na sauti yangu?"

Daktari Chirau hakumdanganya. Alimwambia kwamba mishipa ya fahamu inayoendesha sauti inapita papo hapo. Wengi sauti zao hurudi salama. Wachache hubadilika. "Siwezi kukuapia, Mzee."

Ami akashukuru kwa adabu. Akasimama. Akaondoka.

Nyumbani akatangaza kwamba hapasuliwi.

"Siku yangu ikifika imefika. Kisu hakiongezi umri."

"Na jino lilipokuuma mwaka juzi, mbona hukuingoja siku?" Bi Afaf akamuuliza.

"Jino ni jino."

"Basi unaogopa."

"Mimi? Mimi siogopi kitu!"

Akalisema hilo mara nyingi sana wiki ile. Mara nyingi mno. Mtu asiyeogopa halazimiki kulisema hata akiwa anavua viatu.

Sasa tuje kwenye sinema.

Juu ya nyumba ya ami amepanga mwalimu mmoja kutoka Machakos, jina lake Mutanu. Anafundisha Kifaransa watu wanaotembeza wageni. Mwanafunzi wake mmoja ni Gharib, rafiki wa ami tangu utotoni, mtembezaji watalii mwenye tumbo la heshima na ulimi usiojua kupumzika.

Mwalimu Mutanu alikuwa na filamu ya zamani ya Kifaransa, nyeusi na nyeupe, aliyotaka wanafunzi wake waitazame. Haikuwa na maandishi ya tafsiri chini. Alifanya makusudi, ili masikio yao yafanye kazi. Lakini chumba chake kidogo.

"Mwalimu, ukumbi wangu mkubwa," ami akasema. "Karibu."

Jumapili baada ya alasiri wakaziba madirisha kwa leso nzito, wakawasha projekta, ukuta mweupe wa ami ukawa sinema. Wanaume wakakaa ukumbini juu ya mikeka. Wanawake wakakaa chumba cha ndani, mlango wazi, wanaona vizuri kabisa. Bi Afaf akatoa kaimati na chai ya tangawizi.

Wanafunzi walikuwa wanne. Watazamaji walikuwa mtaa.

Na kwa kuwa mtaa haujui Kifaransa, Gharib akasimama kando ya ukuta.

"Msiwe na wasiwasi," akasema. "Mimi nitawafasiria."

"Gharib," Mwalimu Mutanu akamwambia taratibu, "umesoma mwezi mmoja."

"Mwezi mzima, Mwalimu!"

Basi filamu ikaanza. Jambazi anatoka jela. Mzee wa mvi, koti refu, uso kama mlango uliofungwa. Anakwenda kwa mwanamke mmoja dobi, chumba chembamba, nguo zimetundikwa kila mahali. Hawakumbatiani. Mwanamke anamsogezea kiti, basi.

Jambazi akasema neno.

"Anasema," Gharib akapaza sauti, "'Nimerudi, na mji huu utanitambua!'"

Ukumbi ukapiga makofi.

Mwalimu Mutanu akafungua mdomo amsahihishe. Akaufunga. Akachukua kaimati.

Filamu ikaendelea. Rafiki wa zamani anamjia jambazi na kazi moja ya mwisho. Kila mtu ukumbini anajua asiende. Hata yeye jambazi unaona anajua asiende. Anakaa mkahawani anakoroga kahawa, anaikoroga, haionji, anaiacha inapoa. Kisha anainuka anakwenda.

Ami yangu alikaa kutazama kwa kumridhisha Gharib tu. Alizoea kwamba sinema ni magari kulipuka na watu kupigana juu ya mapaa.

Hii ilikuwa kitu kingine.

Jambazi anavuka kituo cha gari la moshi. Watu wote wanakwenda huku, yeye peke yake anakwenda kule. Hakuna muziki. Ni nyayo tu. Na alipopigwa risasi, filamu haikumwonyesha hata kidogo. Ilionyesha njiwa wakiruka kutoka paani, wote kwa pamoja. Ukajua.

Ami akajikuta amekaa wima.

Baadaye alinieleza hivi: "Mwanangu, kasida si maneno. Maneno kila mtu anayo. Kasida ni pale unaponyamaza, na watu wanakungoja. Yule aliyetengeneza sinema ile alijua kunyamaza."

Ikaja sasa ile sehemu.

Jambazi amelala kitandani kwenye chumba cha kuazima, risasi imo mwilini. Kijana aliyemsaidia anataka kukimbilia daktari. Jambazi anamshika mkono. Uso wake unajaa ukuta mzima. Anasema maneno machache, polepole.

"Anasema," Gharib akanguruma, "'Daktari wa nini? Mimi ni mwanamume!'"

Wallahi ukumbi ulitetemeka. Watu walipiga mikeka. Na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa ami Hussam, mkono mmoja umeshika shingo.

Jambazi akafa. Filamu ikaisha kwa yule dobi, lakini wakati huo wanaume walikuwa wameshaanza kuzungumza na kutafuta viatu.

"Yule ndiye mwanamume!" ami akasema.

Chumba cha ndani wanawake walikuwa bado wanatazama.

Kesho yake koti likatoka kabatini. Alilinunua zamani kwa safari ya Nairobi, harusi ya mpwawe. Na lilimfaa mara mbili: kola iliificha rovu, na jambazi wa koti hasemi sana. Kwa hiyo hakuna aliyegundua kwamba sauti ya Hussam ilikuwa imeanza kukwaruza.

Lakini vituko, jamani!

Akawa anakaa barazani na kikombe cha kahawa, ameshika kijiko, anakoroga. Anatazama mbali. Anakoroga.

Muuza kahawa akavumilia siku mbili, ya tatu akashindwa.

"Hussam, yakhe. Kahawa tungu hii. Haina sukari. Wakoroga nini?"

Ami akamtazama. Akaendelea kukoroga.

Jasho lilimtiririka ndani ya koti kama mfereji. Aliota vipele mgongoni, Bi Afaf akawa anampaka poda kama mtoto mchanga, na huku anamsema.

"Majambazi wa Ulaya wana baridi, Baba Duha. Wewe una nini?"

Filamu ile aliiomba kwa Mwalimu akaitazama tena, na tena. Sikio lake ni la msoma kasida, analonasa halitoki. Maneno ya Kifaransa hakujua maana yake hata moja, lakini yale ya mwisho ya jambazi aliyashika kama yalivyo, na mkato wake na pumzi yake. Alipokuwa akinyoa ungemsikia: "Feme la fenetra." Kwa huzuni kubwa. Wembe umesimama shavuni.

Sasa, mzaha ukapungua.

Palikuwa na harusi mtaani. Watu walikaa, udi ukafukizwa, macho yote yakamgeukia Hussam.

Akatikisa kichwa. Hapana.

Wakacheka, wakadhani anaringa. Wakambembeleza. Akatikisa tena kichwa, akatazama mkeka. Akasoma mtu mwingine.

Bi Afaf alikuwa upande wa wanawake. Akasikia kasida inaanza, na si sauti ya mumewe. Alikuwa ameshika sahani ya halua. Aliiweka chini. Miaka yote ya ndoa yao haikuwahi kutokea hiyo.

Siku chache baadaye, baada ya chakula cha mchana, ami alijinyoosha kitandani. Bi Afaf alikuwa anakunja nguo. Ule mluzi wa pumzi ukaja kama kawaida.

Kisha ukakatika.

Akageuka. Ami ameshika shuka kwa mikono miwili, macho yamemtoka, midomo imebadilika rangi. Hewa haiingii. Bi Afaf akamrukia, akamwinua, akamkalisha, akampiga mgongo, akamwita Mungu, akamwita yeye, akamwita Duha aliyeko Bondeni asiyeweza kusikia.

Hewa ikarudi na kishindo kama mlango unaovunjwa.

Wakakaa pale kitandani wawili, wanahema.

"Kesho," Bi Afaf akasema. "Kesho asubuhi tunakwenda kwa Daktari Chirau."

Ami akafuta uso. Akamtazama mkewe. Na bila haya, mtu huyu aliyetoka kufa na kurudi, akasema:

"Daktari wa nini? Mimi ni mwanamume."

Bi Afaf akainuka. Akajitanda leso yake, akapanda ngazi hadi kwa Mwalimu Mutanu. Ami akasikia mlango ukifungwa juu. Akajua: leo Mwalimu atatukanwa kwa sinema yake.

Hakusikia matusi. Kisha akasikia, kwa mbali, sauti ya filamu.

Jumapili ile Mwalimu Mutanu akateremka na projekta.

"Mzee Hussam, leo tutazame sisi watatu, na Bi Afaf. Gharib yuko na wageni wake ngomeni. Nitafasiri mimi."

Ami akafurahi. Akaja na koti lake.

Basi ikaanza upya. Jambazi anatoka jela, anaingia kwa dobi, anasema lile neno lake la kwanza.

"Anasema, 'Umepunguza mwili,'" akafasiri Mwalimu.

Ami akageuka. "Si 'mji utanitambua'?"

"Hapana, Mzee."

"Na pale anapomkaripia rafiki yake? Gharib alisema, 'Nitakumaliza kama kuku!'"

"Anamuuliza gari la moshi linaondoka lini."

Ami alitaka kucheka na kulia. Ilikuwa filamu nyingine kabisa. Haikuwa ya simba. Ilikuwa ya mtu mchovu ambaye anapenda watu wawili watatu na hajui kuwaambia.

Na cha ajabu, ilikuwa nzuri zaidi.

Ikafika ile sehemu. Kitanda. Kijana anataka kukimbilia daktari. Mkono unamshika. Uso unajaa ukuta. *Feme la fenetra.*

Mwalimu Mutanu akafasiri, polepole:

"Anasema, 'Naogopa.'"

Ami hakutikisika.

"Rudisha."

Akarudisha.

"Rudisha tena."

Ami akausogelea ukuta mpaka kivuli cha kichwa chake kikaingia kwenye mto wa jambazi. Aliutazama uso ule. Ameutazama mara ngapi, na kila mara aliona chuma. Sasa aliona mdomo unaotetemeka pembeni. Ulikuwa unatetemeka siku zote. Makofi ndiyo yaliyomfanya asiuone.

Filamu ikaendelea hadi mwisho wake, ule ambao wanaume walikuwa wakitafuta viatu.

Yule dobi anapiga pasi shati. Shati la jambazi. Anapiga kola, anageuza, anapiga tena, anatoa mkunjo mdogo kwa kidole. Analiweka juu ya kiti. Anakaa. Hakuna aliyekuja kumwambia.

"Nyinyi mnamtazama yule bwana," Bi Afaf akasema gizani. "Mimi kila mara namtazama huyu."

Projekta ikazimika. Mwalimu Mutanu akakumbuka ana sufuria jikoni, akapanda juu haraka. Hakuwa na sufuria.

Ami akavua koti. Akalikunja vizuri, akaliweka juu ya mapaja.

"Afaf."

"Naam."

"Naogopa."

Ikatoka na ule mkwaruzo wake wote. Na ilipotoka hiyo, yakatoka mengine. Akamweleza kuhusu mishipa ya sauti. Akamweleza swali alilomuuliza daktari. Akamweleza kwamba kufa hakumwogopeshi kama kuamka akiwa hai, watu wanamgeukia, na yeye hana kitu cha kuwapa.

Bi Afaf akamsikiliza hadi mwisho. Akafuta macho kwa ncha ya leso.

"Miaka yote hii nakuomba unyamaze nilale," akasema. "Leo ndio unaogopa kunyamaza?"

Ami akacheka. Akakohoa. Akacheka tena.

"Sauti ikenda," Bi Afaf akaendelea, "mimi nitakusomea."

"Wewe huna sauti."

"Basi utateseka."

Wiki iliyofuata ami Hussam alilazwa. Duha akaja na mumewe, mimi nikaja, Gharib akaja na akakatazwa kuingia kwa ajili ya kelele. Kabla ya kupelekwa chumba cha upasuaji, Daktari Chirau alimuuliza kama ana wasiwasi.

"Ninao," ami akasema. "Mwingi."

"Vizuri," daktari akasema. "Waongo hunipa shida."

Saa zile za kungoja sitawaeleza. Bi Afaf alizunguka ua wa hospitali na tasbihi mkononi, akimsalimu kila mgonjwa, hata wale aliokwisha kuwasalimu.

Ami alipozinduka, daktari alikuwa ameinama juu yake.

"Mzee, sema neno. Lolote."

Ami aliniambia kwamba alikuwa amejiandalia. Alitaka kusema bismillahi, kwa sauti ya kuvuta, kama anafungua maulidi. Akakusanya nguvu zote. Akafungua mdomo.

"Nina njaa."

Hafifu, yenye kukwaruza, lakini sauti. Daktari Chirau akacheka hadi muuguzi akachungulia.

Sauti ilirudi polepole. Mwanzo kama mchakacho wa karatasi, baadaye kama mtu aliyetoka usingizini. Haikurudi ile ile, siwadanganyi. Ilishuka. Zile noti za juu sana sasa anawaachia vijana. Lakini siku aliposoma tena, Kuze, mwezi wa maulidi, alivuta ubeti, akanyamaza mahali pake, na nikamwona mzee yule yule akiisahau nyama yake.

Ningeweza kumalizia hapo. Ni pazuri.

Lakini bado.

Mwaka huu, asubuhi moja, wageni wawili waliingia dukani Ndia Kuu: bibi wa Kifaransa mwenye nywele nyeupe, na mumewe. Ami akawapa viti. Akawaagizia kahawa. Na kwa kuwa alikuwa na furaha, akaona awape zawadi: neno lililomwokoa maisha, kwa lugha yao wenyewe.

Akaweka mkono kifuani. Akamtazama yule bibi kwa macho ya huzuni. Na kwa ile sauti yake mpya ya chini akasema:

"Feme la fenetra."

Bibi akasema, "Ah!" Akainuka kwa adabu, akaenda, akafunga dirisha.

Ami akashangaa. Akadhani labda amesikia upepo. Akangoja akae. Akarudia, kwa hisia zaidi.

"Feme la fenetra."

Bibi akatazama dirisha. Limefungwa. Akamtazama mumewe. Mumewe akainuka, akalisukuma kwa bega, kuhakikisha.

Papo hapo Gharib akaingia. Gharib wa sasa si wa mwezi mmoja, amesoma karibu mwaka. Wakasemezana na wageni. Nikaambiwa alishika kasha la mbao asianguke kwa kicheko.

"Hussam!" machozi yakimtoka. "Yakhe, unawaambia wafunge dirisha!"

"Nawaambia naogopa!"

"Dirisha, Hussam! Dirisha! Wataka wageni wafe na joto?"

Ami akafunga duka. Akapita Ndia Kuu na salamu nusu nusu. Akapanda ngazi hadi kwa Mwalimu Mutanu, na nani yuko pale anakula maembe kwa pilipili? Bi Afaf.

"Alisema nini?" ami akauliza mlangoni. "Yule jambazi. Wakati anakufa."

Wanawake wakatazamana.

"'Funga dirisha,'" Mwalimu Mutanu akakiri.

"Mimi nimepasuliwa shingo kwa ajili ya dirisha?"

"Kaa, Baba Duha," Bi Afaf akasema. "Mwalimu hana kosa. Siku ulipokatika pumzi nilimjia nikamwomba: nitafutie neno lolote ndani ya sinema hiyo la kumrudisha mtu huyu. Akakataa. Akasema yeye ni mwalimu, hawezi kusema uongo."

"Na akausema!"

"Sikuusema, Mzee," Mwalimu Mutanu akajibu. Hakuonekana mwenye hatia hata kidogo. "Tuliitazama sehemu ile pamoja, mimi na Bi Afaf. Wewe unaijua kwa sikio kuliko mimi. Chumba kile kina joto. Kijana amevua shati. Jambazi mwenyewe anatoka jasho. Kwa nini mtu wa namna hiyo anaomba dirisha lifungwe?"

Ami akaanza kujibu kwa hasira. Akasita.

Akafumba macho. Akaisikiliza filamu ndani ya kichwa chake, kwa sababu imo yote. Kitanda kinalia. Kijana anahema. Na nje, kwa chini sana, kuna sauti ambayo hakuwahi kuifikiria.

"Watoto," akasema. "Kuna watoto wanacheza barabarani. Wanacheka."

"Naam," Mwalimu akasema.

"Hawezi kuwasikia. Wao wataendelea kucheka na yeye hayupo."

Bi Afaf akasogeza sahani ya maembe.

Ami akafumbua macho. Akavuta kiti, akaketi, akachukua kipande cha embe.

"Basi alisema naogopa," akasema. "Gharib hajui Kifaransa."

Funzo langu ni dogo, lichukue ukitaka.

Mwanamume anayekufa kwa ushujaa hupigiwa makofi na watu waliokaa mkekani wakila kaimati. Kaimati zikiisha wanatafuta viatu vyao, wanakwenda kwao. Anabaki mtu mmoja ndani ya nyumba, na pasi mkononi. Kabla hujajifanya simba, mtazame huyo.

Ukiogopa, mwambie. Na Kiswahili kikikushinda, mwambie kwa lugha yoyote, hata kama maneno si yenyewe. Anayekupenda atafasiri.